Majina Yasiyoitikiwa

Lam alinisomea kwenye simu yake kwamba kati ya watu wote wa kwetu waliomeza vile vidonge, waliokufa ni wawili. Nilikuwa nyuma ya hoteli ya Adeng nasugua sufuria, mikono imejaa majivu. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Wawili.

Lam ni muuguzi katika zahanati moja ya kambi ya Kakuma. Alikuja na wazazi wake kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto, akasomea hapa hapa kambini, na kila mchana huja kula kisra, ule mkate mwembamba wa kwao, na bamia kwa Adeng. Huketi benchi la nyuma, karibu na ninapooshea vyombo, kwa sababu mbele kuna jua. Siku hiyo nilikuwa nimemngojea tangu asubuhi. Nilitaka kumwuliza jambo moja tu: kama mama yangu anaweza kupasuliwa.

Mama alikuwa na uvimbe ndani ya tumbo, upande wa ini. Ni ule ugonjwa wetu unaotoka kwa mbwa. Kwetu mbwa hulala na watoto, hulamba vyombo, humsafisha mtoto mchanga akijichafua. Kutoka kwake huingia kitu kidogo kisichoonekana, kikakaa mwilini miaka na miaka kikijijaza maji. Nilipokuwa mdogo madaktari walikuwa wanakuja kwa ndege, wanawapasua watu na kuitoa ile mifuko ya maji. Wengi walipona. Kisha ndege ikaacha kuja, vikaja vidonge. Mama alivimeza, akapumzika, akavimeza tena, na tumbo likaendelea kukua mpaka akawa anatembea ameegemea nyuma kama mja mzito.

Lam alinisikiliza, akanawa mikono, akafungua simu. Hakutaka kunivunja moyo. Alitaka kunionyesha kwamba hakuna la kuogopa. Akaniambia upasuaji uliachwa kwa sababu kuna utafiti ulioonyesha kwamba vidonge vinatosha, tena ulifanywa huku huku Turkana, na aliyeuandika ni daktari mmoja anaitwa Nekesa, mtu wa upande wa Bungoma.

"Unajua ametajwa mara ngapi?" akaniuliza.

Sikuelewa anauliza nini.

"Mtu akiandika utafiti, wenzake wakiuamini wanautaja kwenye maandishi yao. Ukitajwa na wengi, ndiyo ukubwa wako huo. Huyu mama ametajwa zaidi ya mara elfu moja. Huko Uchina, huko Peru, wapi sijui. Ukibishana naye, Akai, unabishana na dunia."

Adeng akatoa kichwa dirishani. "Akai abishane? Huyu, kuku akimnyang'anya chapati, anamwambia asante."

Lam akacheka, nami nikacheka, maana ni kweli. Mimi si mtu wa maneno. Niliacha shule darasa la tano nikiwa sijawahi kuinua mkono.

Kisha Lam akanipa simu nione picha iliyokuwa kwenye huo utafiti. Watu wameketi chini ya mgunga, wanawake wengi wana shanga mpaka kidevuni, na mbele yao kuna mashine juu ya meza. Niliutambua mti kabla ya kuwatambua watu. Ulikuwa mti wetu wa zamani, kabla boma letu halijahamia Kakuma, pale laga, ule mto mkavu, inapokunja kuelekea Lokitaung. Mwanamke wa mwisho upande wa kushoto, aliyenyoa na asiye na ushanga, alikuwa mama. Aliyemwegemea mgongoni, uso haukuonekana, alikuwa mimi.

Nikamwuliza Lam, kama waliokufa ni wawili, wengine waliandikwa wapi. Akatafuta kwa kidole. Akasema wako waliopona, ambao ndio wengi, na wako ambao hawakuhesabiwa kabisa kwa kuwa walihama na mifugo wakati wa kupimwa mara ya pili. Ndivyo kanuni inavyosema. Asiyeonekana haandikwi mzima wala maiti, anatolewa tu.

Niliweka sufuria chini. Kuwapata waliokufa zaidi ya wawili hakukuhitaji niende mbali. Niliwapata kabla sijafika mwisho wa boma letu.

Kwetu, mtu akishafariki haitwi tena. Tunamzika, tunanyoa nywele, wanawake wanavua shanga, na jina lake linawekwa chini pamoja naye. Anayelitamka anamsumbua, na anamsumbua aliyemzaa. Wa kanisani siku hizi wanataja, lakini bibi yangu hakukubali, na mama alikuwa binti wa bibi yangu.

Siku ya ile picha naikumbuka. Daktari alikuwa amerudi baada ya mvua kuwaona watu aliowapa vidonge. Alikuja na Ethuro, mtu wa Lodwar ambaye mama yake ametoka upande wetu, awe mkalimani. Daktari aliita jina, mtu akasimama, akalala kwenye mkeka, akapakwa mafuta ya baridi tumboni. Watoto walikuwa wanachekacheka. Kisha akaita Arot.

Arot alikuwa dada yangu. Tulikuwa tumemzika wakati wa ukame, kabla ya hiyo mvua. Alikuwa amemeza vidonge vyote. Mama alimhimiza hata alipokuwa anavitapika. Daktari alipoita, mama aliangalia mchanga. Wanawake wote wakaangalia mchanga. Daktari akaita mara ya pili akitabasamu, akimtafuta mtoto kwa macho. Ethuro akamwambia kitu kwa Kiingereza, daktari akaandika, akaita jina lingine. Hata hilo liliitikiwa na mchanga. Na mengine baada yake. Hakuna mtu aliyesema uongo pale, isipokuwa labda Ethuro, na Ethuro alikuwa anaona haya.

Nilimweleza Lam yote hayo bila kumtajia jina lolote. Aliacha kula. Mchuzi ukaganda.

"Kwa hiyo wale waliohama..." akasema, akaifunga simu. Kisha akasema, "Mimi nikiandika haitasomwa. Mimi ni nani? Lakini yeye anakuja Lodwar. Kaunti inampa heshima, nimeona tangazo. Mwambie wewe. Yeye akisema mama apasuliwe, nani atamkatalia?"

Hilo neno la mwisho ndilo lililonipeleka.

Adeng aliniruhusu kabla sijamaliza kuomba. Alinipa mtandio wake wa kijani, akanifunga mwenyewe, akisema nikifika huko niangalie watu usoni, nisiende kuviamkia viatu vyao. Mama naye hakuhitaji kubembelezwa. Alimkumbuka Daktari Nekesa kama mwanamke aliyemshika tumbo bila kukunja uso. Njiani aliniambia kwamba daktari yule akimwona tena atajua la kufanya. Sikumwambia ninalokwenda kusema. Nilijipa moyo kwamba nitapata nafasi ya kuongea na daktari peke yake, mama akiwa nje.

Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja, karibu na mikoma ya Mto Turkwel. Feni zilikuwa zinazunguka lakini zilisukuma joto tu. Wanawake waliimba, daktari akavishwa shanga, akapewa kigoda cha mbao kile wazee wanachoegeshea kichwa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Kisha bwana mmoja mwenye suti akasimama na kueleza kazi ya daktari imetajwa mara ngapi, katika nchi ngapi, na kwamba kwa sababu yake maelfu ya watu duniani wameepushwa na kisu. Alisema Turkana imeingia katika vitabu vya ulimwengu. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mkono mmoja chini ya tumbo kulibeba, na aliposikia makofi akautoa ule mkono akapiga pia.

Ethuro alikuwa mlangoni na kitambulisho shingoni. Amezeeka, lakini alimjua mama mara moja.

"Ejok," akamsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," mama akajibu, na wakaulizana habari za mbuzi, za mvua, za watu walio hai.

Ethuro akaahidi kutuingiza kwa daktari baada ya chakula. Mama alipokwenda kunywa maji nikamvuta kando nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akainama. Nilipomaliza hakuinuka haraka.

"Wewe ulitaka nifanye nini?" akasema. "Mama yako ameketi mbele yangu, kichwa kimenyolewa, hana hata ushanga mmoja. Mimi nitafsiri nini pale? Nimwambie huyo mgeni, huyu unayemwita yuko ardhini, mwulize mwenyewe? Nilisema wako na mifugo. Ni neno la heshima."

"Lakini aliliandika."

"Nilifikiri anajua. Kila mtu pale alikuwa anajua, binti. Hata mbwa walijua." Akaangalia upande wa mama. "Usiseme mbele yake. Ukitaka kusema, nitakutafutia nafasi. Lakini si mbele yake."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote.

Walituingiza katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Daktari alikuwa amevua viatu, miguu imevimba kwa joto. Alipomwona mama aliinuka akamkumbatia, na mama akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. Akamlaza kwenye kochi, akampapasa tumbo taratibu, akiuliza vidonge amevimeza namna gani, Ethuro akitafsiri. Nilikuwa naangalia uso wake. Mikono yake ilifika mahali, ikasimama, ikarudi, ikasimama tena pale pale. Akasema ni vizuri kuendelea na vidonge, ila apigwe picha mpya. Alisema kama mtu anayejisomea.

Kisha, pengine ili mama asiogope, akabadilisha maneno. Akasema kwa Kiswahili, polepole ili mama aelewe mwenyewe, "Na yule mtundu wako? Yule aliyenifichia kiatu nikatembea siku nzima na kimoja. Arot. Ameolewa?"

Mama akageuza uso ukutani.

Nilimwona Ethuro anafungua mdomo. Nilijua kinachokuja. Kingekuja kile kile cha chini ya mti, na tungerudi Kakuma na vidonge. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama.

"Arot alikufa," nikasema. "Alikufa kabla hujarudi. Alimaliza vidonge akafa. Namoe alikufa. Mtoto wa Lomorukai alikufa, na mama yake Lomorukai. Echwa pia. Hao wote uliwaita, hawakuwa wameenda na mifugo."

Mama alisema kwa Kiturkana, "Funga mdomo." Hakupaza sauti. Nilikuwa bado naendelea, na nilipofika kwa Echwa alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili, tumbo limebaki bila wa kulishika. Akateremka kwenye kochi mwenyewe. Ethuro akataka kumsaidia, akamsukuma. Alitoka akaenda kuketi nje, kwenye jua, kando ya tangi la maji.

Daktari alikuwa anamwangalia Ethuro. "Ni kweli?"

Ethuro akavua kofia. "Daktari, mimi pia ni Mturkana."

Daktari akakaa kwenye ukingo wa kochi. Akaniuliza ni wangapi, nikamwambia mimi najua wa boma letu tu, kila boma linajua wake. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyekuja kumwambia. Alikuwa anawaita kwa furaha sana siku ile. Akasema aliporudi Nairobi wenzake walimwonya kwamba wasioonekana ni wengi mno, naye akawajibu kwamba wenzake hawajui wafugaji, yeye anawajua.

Alikwenda kunawa mikono. Alirudi, akakaa, akaenda kunawa tena. Kutoka ukumbini bado ngoma ilikuwa inalia kwa ajili yake.

Nikamwambia lile nililokuja kuliomba. Kwamba sikuja kumhukumu, nimekuja kwa ajili ya tumbo la mama. Aandike mahali kwamba mama apasuliwe.

Alichukua simu pale pale. Hospitali zetu za huku hazina tena mpasuaji wa ugonjwa ule, kwa hiyo alimpigia mmoja wa mbali kusini, katika hospitali kubwa ya rufaa, kijana aliyesikika mwenye adabu sana. Daktari aliweka sauti nje ili nami nisikie. Walichanganya Kiingereza na Kiswahili, lakini nilielewa. Kijana alisema ni heshima kubwa kuongea naye, kwamba kazi yake aliisoma chuoni na ndiyo wanayofuata. Akauliza ukubwa wa uvimbe, akaambiwa. Akasema, basi, huyo ni wa vidonge.

"Vidonge havijamsaidia," daktari akasema. "Na ile kazi ina kosa. Mimi ndiye niliyeiandika, nakwambia ina kosa."

Kijana akauliza kama marekebisho yameshachapishwa. Akaambiwa bado, jambo lenyewe limejulikana leo. Akauliza ushahidi ni nini. Daktari akaniangalia, mimi na mtandio wa Adeng, akasema ni jamaa wa wagonjwa. Kijana akasema kwa upole, "Daktari, niwie radhi. Kumpasua mtu mahali pale ni hatari, na mimi siwezi kumpasua kinyume cha mwongozo kwa neno la simu. Akinifia mezani nitaulizwa. Na watakachonifungulia kunionyesha kosa langu ni hiyo hiyo kazi yako."

Daktari akaomba. Nilimsikia anaomba, mtu aliyetajwa mara elfu. Mwishowe kijana akakubali jina la mama liingizwe kwenye foleni, aitwe kukipatikana kitanda na wakubwa wake wakikubali.

Daktari alipokata simu alibaki ameishika. Akaniambia ataandika, atarekebisha, lakini nisidhani ni jambo la leo. "Nikiwaambia wote walioiamini kwamba nilikosea, nitaanzia wapi? Kuna waliowataja walionitaja. Hata mimi siwajui." Niliona anaogopa, na hofu yake ikanitisha kuliko tumbo la mama. Nilikuwa nimekuja nikidhani kazi ni yake, akisema neno moja itamtii.

Tulirudi Kakuma na mama hakunisemesha. Na nyumbani hakunisemesha. Akitaka maji alimwambia mbuzi: mbuzi, mwambie huyo alete maji. Mara ya kwanza nilidhani anatania nikacheka. Hakuwa anatania. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu, sijui kwa mdomo wa nani, na wanawake waliokuwa wanakuja kusuka vikapu na mama wakaanza kupitia upande wa pili wa laga. Mama yake Namoe alikuja mara moja. Alisimama mlangoni, akaniangalia muda mrefu, akatema mate mchangani, akaenda. Mama alikuwa amekaa pale anaona.

Nilikuwa naenda kwa Adeng asubuhi, narudi jioni, napika, nampa vidonge. Alivimeza. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba alivimeza bila kukosa, akikunja uso, kama mtu anayelipiza. Lam aliulizia foleni kila alipoweza. Mara aliambiwa wakubwa hawajakaa, mara wamekaa lakini wanataka picha mpya, mara picha imeonekana na uvimbe umekaribia mshipa mkubwa, basi waangalie upya. Adeng alinitetea sokoni kwa Kiarabu cha Juba ambacho wanawake wetu hawakielewi, akarudi amechoka, akaniambia, "Watu wako ni wagumu, binti. Hata wangu ni wagumu. Kula."

Siku moja tu mama aliniambia neno. Nilikuwa namwosha miguu, maana haifikii tena mwenyewe.

"Alikuwa amelala," akasema. "Miaka yote hii. Kwa nini ulimwamsha?"

Nikamwambia ni kwa sababu ya tumbo lake. Nilitaka apasuliwe, nilitaka awe mzima.

"Tumbo ni langu," akasema. "Mtoto alikuwa wangu. Wewe umetoa vyote viwili ukawapa watu wa Lodwar, na umerudi na nini?"

Sikuwa nimerudi na kitu. Nikamaliza kumwosha, nikamfuta vidole kimoja kimoja, na hakuivuta miguu yake.

Alianguka asubuhi, kabla sijaondoka kwenda kazini. Alikuwa amekataa kuningoja nimletee maji, akaushika mtungi wa plastiki mwenyewe, akauvuta. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu aliyeitwa ghafla. Nilipofika alikuwa amepiga magoti. Vipele vilikuwa vinamtoka shingoni na mikononi, vinaungana, na pumzi ilikuwa inaingia kwa filimbi. Lam aliniambia baadaye kwamba mfuko ukipasuka ndani, maji yake ni sumu kwa mwili. Nilimshika kichwa. Nilikimbia kutafuta pikipiki nikarudi. Mwenye pikipiki alishuka, akamwangalia, akavua kofia yake, akaizima pikipiki.

Tulimzika upande wa mlango wa boma. Nilinyoa. Nilivua shanga. Kwa ajili ya mama wanawake walirudi, hata mama yake Namoe, wakaketi ndani pamoja nami, miguu imenyooshwa, bila maneno. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kukaa katikati ya watu. Mmoja alinisogezea chai. Mmoja alinitengenezea ngozi niliyokalia. Nikaelewa kwamba wamenisamehe, au kwamba wataweza kunisamehe nikikaa kimya.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Daktari Nekesa. Mtandao ulikuwa mbaya na alikuwa anaongea haraka, amefurahi. Alisema wamekubali, kitanda kimepatikana, mama apelekwe wiki ijayo, yeye mwenyewe atakuwepo. Sikujibu, akadhani nimekatika, akaendelea na jambo la pili. Alisema wenye jarida lililochapisha ule utafiti wamemwandikia. Hawatarekebisha kitu kwa neno lake mwenyewe. Wanataka jamaa wathibitishe vifo kwa kutaja majina ya waliokufa, na Ethuro amezunguka mabomani na kila alipouliza watu wameangalia chini. "Nina wewe peke yako," akasema. "Akai, upo? Nianze na wewe. Halafu nipe mama, nimsalimie."

Wanawake walikuwa wananiangalia. Hawakuelewa Kiswahili chote lakini waliisikia sauti yake, walijua ni nani, na mama yake Namoe akaweka mkono gotini kwangu. Mkono ulikuwa wa joto. Haukuwa wa kunikemea. Ulikuwa unaniomba.

Nikafikiri juu ya watu wa Peru, ambako sijui ni wapi, wanaomeza vidonge na kuambiwa wasubiri. Sikuwafikiria sana. Nilimfikiria mama akipiga makofi pale mlangoni, mkono umeacha tumbo. Na nilijua kwamba daktari akifunga simu bila kuambiwa, mama naye ataandikwa kati ya wale walioitwa hospitali wasionekane.

"Mama hawezi kukusalimia," nikasema. "Andika. Amekufa."

Nikataja jina lake, na jina la baba yake. Nikataja mahali tulipomzika.

Mkono ukaondoka gotini. Mama yake Namoe aliinuka kwanza, akakung'uta nguo yake ya ngozi, na wengine wakamfuata, wakiinama mmoja mmoja kupita mlangoni. Chai yangu ilibaki mahali iliposogezwa.

Daktari alikuwa analia, au ni upepo kwenye simu. Akasema hakusikia vizuri lile jina, nimwambie tena.

Nikatoka nje palipo na mtandao, nikamwambia tena.